Kipindupindu na Dawa Iliyobaki

Kipindupindu cha zama zetu kilifika Tanzania mwaka 1974. Kilipolipuka kwa mara ya nne, mwishoni mwa 1977, wakuu wa afya walikuwa na dawa mkononi. Tetrasaiklini ilikuwa inapatikana, bei yake ndogo, na vimelea vilivyopimwa siku za mwanzo vilikufa mbele yake bila ubishi. Wagonjwa wakapewa. Wakapewa pia watu ambao hawakuwa wagonjwa, ili iwe kinga. Baada ya miezi mitano tu, vimelea 76 katika kila 100 vilivyopimwa vilikuwa havijali tena tetrasaiklini. Fred Mhalu wa Muhimbili na wenzake waliandika habari hiyo katika jarida la Lancet mwaka 1979, na hadi leo watafiti huirejea wanapotaka kuonyesha jinsi dawa nzuri inavyoweza kupotea ndani ya mlipuko mmoja.

Nimeanza na miezi ile kwa sababu swali zima limo ndani yake. Ule usugu ulitoka wapi? Mitaani tunasema kimelea "kimezoea dawa", kana kwamba ni mtu aliyezoea pilipili: leo inamwasha, kesho kidogo, keshokutwa anaila kama mboga. Mambo hayaendi hivyo kwa kipindupindu. Mara nyingi kimelea hakizoei kitu chochote. Kinapokea jeni ya usugu kutoka kwa bakteria mwingine, tayari imeshaundwa, au kinaondolewa uwanjani na ndugu yake aliyefika kutoka mbali akiwa ameshaibeba. Dawa inayomwagwa ovyo haiumbi usugu huo. Kazi yake ni kumfagilia njia yule aliyekwisha kuupata. Tofauti hiyo si ya wasomi peke yao, maana ukiamini kwamba usugu huzaliwa ndani ya tumbo la mgonjwa mmoja utamlaumu asiyemaliza dozi. Ukijua kwamba unasafiri, utatazama bandari, mipaka na maabara, na utamtazama kwa jicho kali zaidi anayegawa vidonge kwa watu wazima wa afya.

Kwanza niondoe dhana moja iliyoshika mizizi. Antibayotiki sio inayomwokoa mgonjwa wa kipindupindu. Kinachoua ni kukauka. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa, na asipotibiwa, nafasi yake ya kuishi ni kama kurusha shilingi. Akirudishiwa maji na chumvi mapema, vifo hushuka chini ya mmoja kwa kila wagonjwa 100. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, mpakani mwa India na nchi iliyokuwa inazaliwa kwa jina la Bangladesh, dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na sukari vichanganywe katika mapipa ya maji na ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Hakuna antibayotiki iliyowahi kufanya kazi ya namna hiyo dhidi ya ugonjwa huu.

Basi usugu una hasara gani? Hasara yake huhesabiwa kwa lita. Antibayotiki inayofanya kazi hupunguza karibu nusu ya maji anayotoa mgonjwa na karibu nusu ya muda wa kuharisha, na hufupisha siku anazoendelea kumwaga vimelea hai katika choo. Chukua mtu wa kilo 60 aliyeletwa akiwa hana mapigo ya kushikika mkononi. Kanuni ni mililita 100 kwa kila kilo ndani ya saa tatu za kwanza: lita sita, yaani chupa kumi na mbili za nusu lita. Baada ya hapo anarudishiwa kila anachotoa, mchana na usiku, huku ndoo iliyo chini ya kitanda chenye tundu ikipimwa. Dawa ikifanya kazi, ndoo hiyo hujaa mara chache na kitanda huachwa wazi mapema. Isipofanya kazi, hema lile lile, wauguzi wale wale na stoo ile ile ya dripu vinabeba mzigo unaokaribia maradufu. Katika mji wenye dripu za kutosha, usugu ni usumbufu. Katika kisiwa chenye hospitali moja, wagonjwa wanaanza kufa kwa kukosa kitu ambacho hakikuwa dawa.

Kimelea chenyewe, kwa jina la kisayansi Vibrio cholerae, kina makundi zaidi ya 200 yanayotofautishwa kwa koti lao la nje. Mengi yanaishi kimya katika maji ya mito na pwani. Mawili tu, O1 na O139, ndiyo yaliyowahi kuleta milipuko mikubwa. Na hata hiyo sumu inayotufungulia matumbo si mali yake ya asili. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu hubebwa na virusi vinavyoingia ndani ya bakteria na kukaa humo. Kimelea hiki kilikuwa kinaazima silaha tangu kabla binadamu hajagundua dawa yoyote ya kukiua. Ukilishika hilo, mengine yote hayashangazi.

Ndani ya O1 kumekuwa na tawi la kale na tawi la El Tor. Hili la pili lilipewa jina la kituo cha karantini huko Sinai, ambako mwaka 1905 lilipatikana kwa mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka. Kwa miaka zaidi ya hamsini halikuhesabiwa kuwa tishio kubwa. Mwaka 1961 likatoka Sulawesi, Indonesia, likaanzisha janga la saba la dunia, lile ambalo halijaisha hadi leo. Lilifika Guinea mwaka 1970 na Kenya mwaka 1971. Nguvu ya El Tor iko katika upole wake. Wengi wanaoambukizwa hawaumwi au wanaharisha kidogo tu, kwa hiyo wanapanda basi, wanaenda sokoni, wanasafiri. Tawi la kale lilikuwa kali, likawalaza watu haraka, na likatoweka.

Limetoweka, lakini sumu yake imebaki. Katika milipuko ya Bangladesh, kisha katika ule wa Beira, Msumbiji, mwaka 2004, wataalamu walikuta vimelea vyenye mwili wa El Tor na sumu ya tawi la kale. Baadaye jeni ya sumu ikabadilika tena. Badiliko hilo lilionekana Kolkata, na ndilo lililofika Haiti mwaka 2010 pamoja na walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal, likaambukiza watu wapatao 820,000 na kuua karibu 10,000.

O139 ni kisa cha peke yake. Ilizuka mwaka 1992 Madras, ikafika Bangladesh, na ilikuwa El Tor ile ile iliyobadilisha koti. Watu wazima waliokuwa na kinga dhidi ya O1 wakaugua kama watoto. Wengi waliamini janga la nane limeanza. Halikuanza, O139 ikafifia. Lakini ilikuwa imebeba kitu kinachoitwa SXT, kipande kirefu cha vinasaba cha herufi kama 100,000, ambacho hujichomeka katika jenomu ya bakteria na kinaweza kujichomoa na kuhamia kwa bakteria mwingine wanapogusana. Juu yake palikuwa na usugu dhidi ya sulfa, trimethoprimu, streptomaisini na kloramfenikoli. Kwa maneno ya nyumbani, Septrini ilikuwa imeshafutwa. Miaka iliyofuata, O139 ilipopungua, El Tor iliyorudi mahali pake ilikuwa na kipande cha aina hiyo hiyo. Dunia ilihangaika na koti, na mzigo ukapita kwa mlango mwingine.

SXT na jamaa zake ni njia moja ya usugu. Nyingine ni plazimidi, pete ndogo ya vinasaba inayoelea nje ya jenomu kuu na kurithishwa kwa jirani kama barua inayopitishwa darasani. Ya tatu ni ya kimya zaidi: badiliko la herufi moja katika jeni, ndilo linalodhoofisha siprofloksasini. Halihitaji jirani, linahitaji tu dawa ya kulifagilia njia. Katika miaka ya 1990 dozi moja ya siprofloksasini ilitosha kumtibu mtu mzima. Kufikia 2006, utafiti wa Bangladesh ulionyesha dozi hiyo hiyo ikishindwa na azithromaisini, na madaktari wengi wakahamia huko.

Kuna jambo la majini ambalo ninaliona zuri hata kama ni la kutisha. Kimelea cha kipindupindu kinapenda kukaa juu ya magamba ya vijidudu vidogo vya baharini, jamaa wa uduvi na kaa. Magamba hayo yana kitini, na kitini ndiyo ishara inayokiamsha kimelea kuanza kufyonza vinasaba vilivyoelea majini. Hilo lilithibitishwa mwaka 2005. Miaka kumi baadaye kundi la Melanie Blokesch huko Lausanne, Uswisi, likaonyesha kwamba katika hali hiyo hiyo kimelea huchoma majirani zake kwa kitu kama mkuki, kuwapasua, kisha kuchukua jeni zao. Ghala la silaha, basi, liko hata katika maji ya mlango wa mto, mahali pasipo na mgonjwa.

Ugunduzi wa namna hii ndio uliokuwa unawapa nguvu wanaosema kipindupindu ni ugonjwa wa mazingira. Rita Colwell wa Marekani alitumia miongo mingi kuonyesha kwamba kimelea kinaishi majini, kinafuata joto la bahari na wingi wa vijidudu, na kwamba milipuko huibuka humo. Kazi yake ilikuwa kubwa na ya kweli. Lakini kwa Afrika, jenomu zimetoa hukumu nyingine. Mwaka 2017 François-Xavier Weill wa Taasisi ya Pasteur na wenzake walichapisha uchambuzi wa vimelea 1,070 kutoka nchi 45 za Afrika, vilivyokusanywa ndani ya miaka 49. Vyote vya milipuko vilitoka katika nasaba moja. Nasaba hiyo haikuchipuka katika mito yetu. Iliingizwa barani angalau mara 11 tangu 1970, upande wa Magharibi na upande wa Mashariki na Kusini, na ikiingia inaweza kudumu hadi miaka 28. Mara tano za mwisho zote zilitoka Asia, zikiwa tayari na usugu wa dawa nyingi, na baada ya 2000 zikachukua nafasi ya vimelea vya zamani vilivyokuwa bado vinatibika.

Mimi ninasimama na hukumu hiyo, kwa sharti moja. Kudumu kwa miaka 28 si jambo la wasafiri peke yao. Katika miji ya maziwa makuu ya Kongo, Uvira, Kalemie, Bukavu na Goma, ugonjwa hurudi mwaka hadi mwaka bila kusubiri mgeni. Mgeni huleta aina mpya, wenyeji wasio na maji safi huihifadhi. Aina iliyolipuka Malawi mwaka 2022 hadi 2023, ikawagusa karibu watu 59,000 na kuua zaidi ya 1,700, ilifanana sana na iliyokuwa ikienea Asia Kusini. Mafuriko yaliyoikumba nchi hayakuizaa. Yaliifungulia visima tu.

Wala wazo la kufuata njia za wasafiri si jipya kwetu. Daktari James Christie, aliyekuwa tabibu Zanzibar wakati kipindupindu cha 1869 kilipofagia mji, aliwahoji watu wa misafara na mabaharia mmoja mmoja, akafuatilia ugonjwa ulivyoshuka kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha ukavuka bahari. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876, kabla Robert Koch, mtaalamu wa bakteria wa Ujerumani, hajakikamata kimelea. Mashine za kusoma jenomu leo zinafanya kazi ile ile ya kuuliza: umetoka wapi, umepita kwa nani?

Swali hilo limejibiwa kwa uwazi wa kuogofya katika kisa cha Yemen. Nasaba iliyoingia Yemen mwaka 2016, katikati ya vita, ilikuwa imetoka Asia Kusini na kupitia Afrika Mashariki miaka michache kabla. Ikazaa mlipuko wa zaidi ya watu milioni moja walioshukiwa kuugua. Ajabu ni kwamba mwanzoni vimelea hivyo vilikuwa vinatibika vizuri: kipande chao cha SXT kilikuwa kimepoteza sehemu kubwa ya jeni za usugu. Usugu, basi, unaweza kupotea pia, maana kubeba mzigo usiohitajika kuna gharama. Hiyo ingekuwa habari njema. Lakini Yemen ilitibu kwa wingi, na kwa wajawazito na watoto ilitegemea jamii ya azithromaisini. Kufikia 2018 ikaonekana plazimidi mpya yenye usugu dhidi ya dawa nyingi, hiyo jamii ikiwemo. Uchambuzi uliotoka 2023 ulionyesha kwamba plazimidi hiyo ilikuwemo katika vimelea vya mlipuko na pia katika vimelea vya kienyeji visivyo na sumu. Ilikuwa imepita kutoka nasaba moja hadi nyingine, katika nchi ile ile, chini ya dawa zile zile.

Kisha ikasafiri. Lebanon 2022. Kenya 2023. Tanzania. Februari 2024 Komoro ikatangaza mlipuko baada ya chombo kuwasili kutoka Tanzania kikiwa na wagonjwa, na zaidi ya watu 10,000 wakaugua visiwani. Machi, Mayotte. Taarifa iliyochapishwa mwishoni mwa 2024 katika New England Journal of Medicine iliunganisha vituo hivyo vyote kwa jenomu: aina moja, yenye usugu dhidi ya dawa kumi, zikiwemo azithromaisini na siprofloksasini. Kwa kunywa, kuna dawa tatu tu zinazopendekezwa dhidi ya kipindupindu. Mbili zimekwenda. Iliyobaki ni doksisaiklini, ndugu wa damu wa tetrasaiklini ile ya 1977.

Mtu anayesoma Kiswahili aitazame ramani hiyo polepole. Ni njia ya majahazi ya zamani, kutoka kusini mwa Bara Arabu hadi Unguja, Ngazija na Maore, yaani Mayotte. Aina hii haikutua pembezoni mwa ulimwengu wetu. Imepita katikati yake.

Kwa hiyo nani alijua kwamba inapita, na alijua lini? Hapa ndipo panaponiuma. Maabara nyingi za wilaya zinaweza, zikipewa vifaa, kuotesha kimelea kwenye sahani ya kijani na kuona madoa ya njano yanayokitambulisha, kisha kuweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa na kupima duara la kifo linalojitokeza. Kazi hiyo haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji sampuli, vifaa visivyoisha muda wake, na mtu aliyefundishwa. Lakini mlipuko ukishatangazwa, sampuli nyingi huachwa, kwa hoja kwamba ugonjwa unajulikana. Ugonjwa unajulikana, aina haijulikani. Na vipimo vya zamani vinadanganya: polimiksini B ilitumika kwa miaka mingi kumtambua El Tor, kwa sababu yeye alihimili na tawi la kale lilikufa. Nasaba ya Yemen ni El Tor, lakini inakufa kwa polimiksini. Anayefuata kitabu cha zamani atadhani tawi la kale limefufuka.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba antibayotiki wapewe waliokauka sana na wachache wengine walio katika hatari, doksisaiklini ikiwa ya kwanza, na wasipewe watu wazima wa afya kwa wingi. Wapo wanaotaka mlango ufunguliwe kidogo: dozi moja kwa walio nyumba moja na mgonjwa, siku za mwanzo kabisa za mlipuko mdogo. Hoja yao ina uzito, kwa sababu watu hao ndio walio karibu zaidi kuambukizwa. Mimi ningekubali katika gereza au meli, mahali panapoweza kufungwa na kuhesabiwa. Katika mtaa wa watu laki moja wanaochota maji kisima kimoja, hapana. Huko "walio karibu" hawana mwisho, na tumekwisha kuona Tanzania kilichotokea ndani ya miezi mitano. Halafu kuna duka la dawa. Mtu anayeharisha hununua Septrini ambayo kimelea kimeshaikataa tangu miaka ya O139, au metronidazoli, ambayo haina kazi dhidi ya kipindupindu, na saa tatu za kununua na kusubiri ndizo saa ambazo angekuwa anakunywa ORS, yale maji ya chumvi na sukari, njiani kwenda hospitali.

Chanjo ya kunywa ina sifa moja ambayo haitajwi vya kutosha katika mjadala huu: inalenga koti, na koti la O1 ni lile lile, kimelea kiwe na usugu au kisiwe nao. Katika kampeni ya 2009 Unguja na Pemba, waliochanjwa walipungukiwa na hatari ya kuugua kwa karibu asilimia 79. Tatizo ni wingi. Akiba ya dunia, iliyoanzishwa 2013, ilipungua kiasi kwamba Oktoba 2022 ikaamuliwa watu wapewe dozi moja badala ya mbili wakati wa milipuko. Kila anayekingwa kwa chanjo au kwa bomba la maji yenye klorini ni mtu mmoja asiyehitaji doksisaiklini.

Weill na wenzake wameonya kwamba aina hii iliyofika hadi Mayotte ikipata pia jeni ya kuikataa tetrasaiklini, tiba ya kunywa itakuwa mashakani. Jeni hizo hazijapotea duniani, ziko katika bakteria wa kawaida wa matumbo yetu na ya mifugo, na aina hii imeshaonyesha inavyojua kuazima. Dozi ya doksisaiklini kwa mtu mzima ni vidonge vitatu vya miligramu 100, mara moja. Kabla mgonjwa wa kwanza wa mlipuko ujao hajavimeza, kipande cha pamba kichovywe katika choo chake, kitiwe kwenye kichupa cha Cary-Blair ambacho hakihitaji jokofu, kiandikwe tarehe na jina la kijiji, na kipande basi la asubuhi kwenda maabara ya mkoa.